Vitabu Vikuukuu Vinavyonunua Vitabu Vipya

Leo naomba niwapeleke nyumbani kwetu Kiriba, huku Musoma Vijijini, kandokando ya Ziwa Viktoria. Nilikwenda huko kumjulia hali mama. Siku ya pili, wakati naelekea ziwani kutafuta kitoweo, nilipita katika shule moja ya upande huo kumsalimu mwalimu mkuu, ambaye tulisoma pamoja. Baada ya salamu na maji ya kunywa akasema, "Ndugu yangu wa redio, njoo uone utajiri wetu." Akafungua stoo.

Ndani mlikuwa na maboksi kumi na manne ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo. Juu yake palikuwa na majembe, na chini mchwa walikuwa wamekwisha anza kula kona. Tulivitoa vichache tukavipekua. Kimoja kilieleza jinsi ya kujaza fomu za kodi ya mapato katika jimbo moja la Kanada. Kingine kilifundisha programu ya kompyuta ya mwaka 1995, na kingine mapishi ya kuku wa Krismasi katika jiko la umeme. Kulikuwa na ensaiklopidia isiyo na herufi M wala S. Lakini, na hapa ndipo penye kisa chenyewe, kulikuwa pia na vitabu vya baiolojia vizuri sana, kamusi mbili za Kiingereza zilizo nzima, na hadithi za watoto zenye picha za rangi ambazo mtoto yeyote angezililia.

Nikamwuliza mwalimu kwa nini vile vizuri havipo darasani. Akasema havina kabati, na vikitoka vitapotea. Nikamwuliza kwa nini basi vile vya kodi ya Kanada visiuzwe hata kwa mwenye duka la karatasi mjini, zikapatikana fedha za kabati. Mwalimu alinitazama kama mtu niliyetukana kanisani. "Kitabu cha msaada hakiuzwi," alisema, "wala hakitupwi. Siku wakija kuuliza nitajibu nini?"

Nilirudi nyumbani bila samaki, lakini na mazungumzo ya juma hili.

Mama yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la ngumbaru, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vijana wa leo hulitumia neno hilo kwa kumcheka mtu, lakini kwa mama ni neno la heshima. Baada ya Uhuru serikali ilikuta hali mbaya. Katika mwaka 1967 karibu watu wazima 7 katika kila 10 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1968 Shirika la UNESCO na serikali yetu walianzisha mradi wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa Mwanza, uliohudumia mikoa minne ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga, na Ziwa Magharibi ambayo leo twaiita Kagera. Uliendelea hadi mwaka 1972. Maana ya "chenye manufaa" ilikuwa kwamba mkulima wa pamba ajifunze herufi kwa maneno ya pamba, na mvuvi kwa maneno ya uvuvi. Mama alisoma kwa pamba. Mpaka leo ukimpa karatasi na kalamu ajaribu wino, neno la kwanza analoandika ni "pamba", ingawa shamba letu la pamba lilikwisha geuka la mihogo zamani.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya", ambayo sisi watu wa redio tunajivunia hadi leo, kwa kuwa wananchi wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio na kusoma vijitabu vyao. Mwaka 1974 gazeti la vijijini liitwalo Elimu Haina Mwisho lilianza kuchapishwa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya. Na mwezi Novemba mwaka huohuo, pale mjini Musoma, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa rika la shule awe amepata nafasi ya elimu ya msingi ifikapo mwezi Novemba 1977. Ilipofika mwaka 1986, waliosalia bila kujua kusoma walihesabiwa kuwa mtu mmoja hivi katika 10. Dunia nzima ilitusifu.

Ajuaye kusoma huhitaji kitu cha kusoma, na katika jambo hilo hatukufanikiwa sana.

Huduma ya vitabu vya kuazima ilikuwapo tangu ukoloni. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948, lenye makao yake Nairobi, lilikuwa likipeleka masanduku ya vitabu sehemu mbalimbali na kuwaazima wasomaji wengine kwa njia ya posta. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 ikaunda Bodi ya Huduma za Maktaba ya Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu mwenyewe akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Mikoani nako zikajengwa maktaba, na mjini Musoma tunayo ya mkoa. Katika miaka ya 1970, kazi ya kisomo ilipopamba moto, zikaundwa na maktaba za vijiji, maelfu nchi nzima.

Neno maktaba lisikudanganye, msikilizaji. Ya kijijini kwetu, kwa maelezo ya mama, ilikuwa kabati moja katika ofisi ya chama, na ufunguo wake ulikuwa kwa mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo kwa kujitolea. Mama aliazima humo kitabu cha ufugaji wa kuku na kingine cha malezi. Vitabu vilikuwa kama mia hivi, na wasomaji wenye bidii walivimaliza kwa mwaka mmoja. Kisha wakangojea vingine. Ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei, nchi ikakosa hata sabuni, na karatasi ikawa bidhaa adimu. Vitabu vipya havikuja. Vya zamani vilichakaa, vingine vikafungia karanga, na kabati likahamishiwa kwingine. Hakuna aliyeiba wala aliyetoa amri maktaba ifungwe. Ilikosa chakula ikafa taratibu. Na watu nao walianza kusahau: Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu wazima wanaojua kusoma na kuandika wakiwa chini ya 80 katika kila 100.

Tuiache Mara kidogo twende Marekani, kwa sababu vile vitabu vya stoo vilitoka pande hizo, na kuna jambo ambalo wenzetu hulifanya kabla vitabu havijapanda meli ambalo sisi hatukulisikia.

Maktaba za umma kule huendeshwa kwa kodi. Mji mdogo wa Peterborough, katika jimbo la New Hampshire, ndio unaotajwa kuwa wa kwanza kuanzisha maktaba ya bure kwa kodi ya wananchi, mwaka 1833. Baadaye akatokea tajiri wa chuma, Andrew Carnegie, ambaye kati ya mwaka 1883 na 1929 fedha zake zilijenga maktaba 2,509 duniani. Alikuwa mtu wa hesabu. Mji ukitaka jengo ulitakiwa kuahidi kwamba kila mwaka utatenga kwa ajili ya matumizi ya maktaba kiasi kisichopungua sehemu moja ya kumi ya gharama ya jengo. Wahisani wetu wa majengo, na sisi tunaopokea majengo huku tukipiga vigelegele, tungelitia sharti hilo katika kila mkataba pengine leo tungekuwa mbali.

Hata hivyo kodi haikutosha, hasa nyakati ngumu. Ndipo wananchi wakaunda vikundi vya kujitolea vinavyoitwa Marafiki wa Maktaba. Ufaransa walianza mwaka 1913 kwa maktaba yao ya taifa, na Marekani kikundi cha Glen Ellyn, jimbo la Illinois, cha mwaka 1922, hutajwa miongoni mwa vya kwanza. Katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, kipo kikundi kilichoanza mwaka 1946. Kazi yake kubwa ni kuuza vitabu vikuukuu. Wenye nyumba huleta vitabu walivyokwisha kuvisoma, au vya wazazi wao waliofariki. Wastaafu na wanafunzi wasiolipwa hata senti hukaa mwaka mzima katika jengo lao wakichambua: historia huku, mapishi kule, watoto pale. Mnada wao hufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika kwa majani. Siku ya kwanza watu hupanga foleni mapema kabla mlango haujafunguliwa. Halafu bei huteremshwa siku hadi siku, hata mwisho mtu hujaza mfuko mzima kwa bei ya kutupa. Fedha zinazopatikana hupewa maktaba.

Nawaomba mzingatie jambo moja hapo. Mtu aliyetoa kitabu chake Ithaca haoni ametukanwa kikiuzwa. Ndivyo alivyokusudia. Alitoa kitabu ili maktaba ipate inachohitaji, na kama maktaba haikihitaji kitabu chenyewe, basi ipate thamani yake. Kwa lugha ya mama yangu, mgeni akikuletea jogoo na wewe huna chumvi, humkosei ukilipeleka jogoo gulioni.

Faida nyingine ya mnada huo nimeigundua nilipoyafikiria yale maboksi kumi na manne. Bei ni swali. Kitabu kikiwekwa mezani kwa bei hata ndogo namna gani, kinaulizwa: je, yupo anayekutaka? Kinachonunuliwa kimejibu ndiyo. Kile kinachobaki mpaka siku ya mfuko, na siku ya mfuko nacho kikabaki, kimejibu hapana, na wale wazee wa Ithaca hukipeleka kwenye karatasi chakavu bila kulia. Kitabu cha bure hakiulizwi swali hilo popote. Kinaingia boksini na swali lake, kinavuka bahari nalo, kinapanda lori mpaka Musoma, na anayekuja kuulizwa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi asiye na kabati.

Wanaotuletea vitabu wenyewe wamelijua hilo. Mwaka 1954 Bibi Hermione Ranfurly, mke wa gavana wa Kiingereza katika visiwa vya Bahamas, aliona shule za huko hazina vitabu, akawaandikia rafiki zake Uingereza wamletee vile walivyokwisha kusoma. Kazi hiyo ikakua ikawa shirika, likaja kufika Afrika, na mwaka 1994 likabadili jina likaitwa Book Aid International. Leo shirika hilo hupeleka vitabu vipya vinavyotolewa na wachapishaji, si vile vya kwenye madari ya nyumba za watu. Kwa upande wa Marekani, mfanyabiashara wa vitabu aitwaye Tom Warth alitembelea maktaba moja nchini Uganda akakuta rafu karibu tupu, na mwaka 1988 akaanzisha Books for Africa huko Minnesota. Tangu hapo zaidi ya vitabu milioni 50 vimeletwa barani humu. Kontena moja la futi arobaini hubeba vitabu kama 22,000.

Sisemi neno baya juu ya makontena. Jimbo letu la Musoma Vijijini limenufaika nayo. Profesa Sospeter Muhongo, aliyechaguliwa kuwa mbunge kwa mara ya kwanza mwaka 2015, amegawa vitabu vingi vya ng'ambo mashuleni, na vijana wanaosoma sayansi leo wamevitumia. Tena watu wa Kiriba si wavivu wa kujitolea. Nani asiyejua jinsi vyumba vya madarasa na maabara vilivyoinuka huku? Akina mama walisomba maji, wanaume mawe na mchanga, na vijana wetu walioko mijini wakachanga saruji. Jambo ninalolisema ni kwamba nguvukazi yote hiyo tumeielekeza katika kuta. Sijapata kusikia harambee ya vitabu vya kuweka ndani ya kuta hizo.

Wakenya wamejaribu jambo la jamaa na hilo. Jijini Nairobi iko Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa Wazungu peke yao, na ambayo baada ya kufunguliwa kwa watu wote ilichakaa pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Mwaka 2017 wanawake wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, walianzisha taasisi ya Book Bunk kuzifufua. Walichangisha fedha, wakahesabu kitabu kimoja kimoja kilichomo, na matawi yale mawili yamekarabatiwa. Nairobi hiyohiyo ina wachuuzi wa vitabu vikuukuu wanaotandaza bidhaa chini barabarani, na wenyewe huyaita maduka hayo "inama", kwa sababu hununui mpaka uiname. Dar es Salaam nako tunao wa namna hiyo. Mtu akiniambia vitabu vikuukuu havina soko Afrika Mashariki, nitamwonyesha goti langu. Kamusi yangu ya kwanza niliinunua kwa kupiga goti mbele ya meza ya miti mjini Musoma, kwa fedha niliyopewa ninunulie daftari.

Sasa, wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito.

Mwalimu mkuu akiachiwa auze vitabu vya msaada, yuko mwingine ambaye ataanza na zile kamusi mbili nzima na kumalizia na madawati. Ni kweli. Ndiyo maana wale wa Ithaca hawamwachii mkutubi auze. Wauzaji ni kikundi cha wananchi kinachojitegemea, na hesabu zake huwekwa wazi. Hapa kwetu ipo kamati ya shule, wapo wazazi, na kitabu cha stakabadhi si teknolojia ngeni.

Wengine watauliza nani atanunua Kiriba, ambako shilingi mia tano ni chumvi na kiberiti. Nakubali kwamba vitabu vya Kiingereza si vya kuuzwa gulioni kwetu. Lakini mitumba ya nguo nayo haiuzwi kijiji kilekile ilikofunguliwa. Robota hufunguliwa mahali, grade ya kwanza ikaenda mjini, nyingine gulioni. Vitabu vya chuo vingepata mnunuzi Musoma, Bunda au Mwanza kwa wanafunzi na walimu. Fedha hiyo, hata ikiwa ndogo, ingenunua vitabu vya Kiswahili ambavyo mtoto wa darasa la tatu anavisoma bila kukunja uso. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia waandishi na wachapishaji wetu. Utaratibu wake ulikuwa kwamba mchapishaji akitoa nakala 5,000 za kitabu kilichokubaliwa, mradi hununua 3,000 na kuzigawa mashuleni. Vitabu hivyo vipo, vina watoto wanaoitwa majina kama ya watoto wetu. Ng'ambo ya maji kutoka Majita, huko Ukerewe, Mzee Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980 baada ya yeye mwenyewe kuitafsiri. Siku ya anga safi kisiwa chake kinaonekana. Sikukiona kitabu chake katika boksi hata moja.

Na wapo watakaoniambia, hasa wa ofisini, kwamba kama wananchi wanaweza kuuza vitabu wakajiendeshea maktaba basi serikali ipumzike. Hao nawaomba warudi juu kwa Carnegie na ile sehemu yake ya kumi. Mishahara ya wakutubi wa Marekani hailipwi kwa mnada wa vitabu vikuukuu. Hulipwa kwa kodi. Mnada huongeza: saa ya hadithi kwa watoto, vitabu vya ziada, viti. Kabati la kijijini kwetu halikufa kwa sababu yule mzee mwenye ufunguo alikosa mshahara, maana hakuwahi kuudai. Lilikufa kwa sababu aliyeahidi kuleta vitabu hakuleta tena, na pale kijijini hakukuwa na njia yoyote ya kupata hata kimoja.

Jioni ile nilimsimulia mama habari ya stoo. Alitaka kujua jambo moja tu, kama kuna kitabu cha kuku. Nikamwambia kipo, lakini ni cha kuwapika, tena kwa Kiingereza. Akacheka mpaka akatafuta kitambaa. Kesho yake alinituma kwa mwalimu mkuu na ujumbe kwamba yeye na wenzake wawili waliobaki wa darasa lile la pamba wako tayari kuja kuchambua vitabu kila Jumamosi, mradi wapewe mahali pa kukaa na mtoto wa kuwasomea majina ya Kiingereza.

Mwalimu alikubali kulifikisha jambo hilo katika kikao cha kamati ya shule, nami nikaalikwa kukaa pembeni. Mwenyekiti, ambaye ni mvuvi wa dagaa, alisikiliza habari zote za Ithaca kwa makini sana, kisha akauliza kama vitabu hivyo vitauzwa kimoja kimoja au kwa debe. Nikamweleza kwamba siku ya mwisho huuzwa kwa mfuko. Akaliandika hilo. Baada ya mabishano ya saa mbili kamati iliamua kwamba kwanza iandikwe barua wilayani kuomba kibali, na kwamba wakati wa kungoja majibu, vitabu vya baiolojia, zile kamusi na hadithi za picha zitolewe stoo zikae juu ya meza ya mwalimu wa taaluma. Barua ilipelekwa kwa mkono juma lililofuata. Majibu hayajarudi, lakini mama amekwisha nunua miwani.